Koki Nyekundu

Faili lilikuwa jembamba mno kwa kesi ya kumfanya mtu apigwe risasi na serikali. Kiraka alilifungua akakuta karatasi nne: taarifa ya mlipuko, cheti cha kifo, majina ya majeruhi wawili, na barua moja ya kigeni yenye mchoro. Alizipitia, akalifunga.

"Hiyo barua ndiyo kesi yenyewe," alisema Mkuu.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mkuu wa upelelezi wa jiji zima. Kabla ya Mapinduzi alikuwa akifundisha hesabu shule ya msingi, na mpaka leo alisoma ripoti akiwa na penseli sikioni. Kiraka alimzidi miaka kumi na minane, na alikuwa polisi tangu enzi ya wakubwa wa zamani. Wenzake wa enzi ile walifukuzwa wote. Yeye aliachwa kwa sababu hakubaki mwingine aliyejua kuchukua alama za vidole, na vijana wa ofisini wakampa jina hilo: kiraka cha kitambaa kikuukuu kwenye shati jipya. Akalizoea, hata mkewe alimwita hivyo.

"Nisikilize vizuri," Mkuu aliendelea. "Juzi Jumatatu, saa mbili asubuhi, boila namba moja ya kiwanda cha nguo imelipuka. Wageni wetu wamesimama getini na maua mkononi. Aliyekuwa akilisha moto amekufa. Fundi Mkuu wa kiwanda alisoma miaka minne kwa wale wa kwanza, anaongea lugha yao kama amezaliwa nayo, na kabatini mwake tumekuta barua yao yenye mchoro wa boila. Mahakama ya Umma inakaa kesho saa tatu. Mkataba wa ngano unatiwa saini saa sita. Nataka ripoti leo saa kumi alasiri, na iwe na mtu ndani yake."

"Mtu yeyote?"

"Usinichekeshe, mzee. Mtu mwenye hatia."

"Ikiwa hujuma?"

"Unajua mwenyewe. Ukuta na risasi."

Ukutani nyuma yake ilining'inia picha ya Kiongozi, na kando yake picha ya rafiki wa nchi. Picha hiyo ya pili ilikuwa ndogo kuliko iliyokuwa hapo mwaka jana, kwa hiyo ilizungukwa na ukingo wa rangi safi, mahali ambapo jua na vumbi havikuwa vimefika kwa miaka sita.

Nchi nzima ilisema hivyo, wale wa kwanza na wale wa pili, na hakuna aliyeuliza ni akina nani. Baada ya Mapinduzi wakubwa wa zamani walifunga ubalozi wao na kuacha kununua pamba. Wakaja wale wa kwanza na meli zilizojaa mitambo, madaktari na kamusi. Watu wakaacha kuitana bwana, wakaitana ndugu, na barabara zikapewa majina ambayo hata wakazi wake hawakuweza kuyatamka. Kisha wale wa kwanza wakagombana na wale wa pili huko kwao, ingawa wote walijiita ndugu, kisa ni nani anayefuata Mapinduzi ya kweli. Kila nchi ndogo ikaulizwa iko upande gani. Serikali ikachagua wale wa pili, ndio hao wageni wa juzi. Wale wa kwanza walipewa siku tatu, nao wakaondoka na michoro, vipuri, na hata balbu za ofisini.

Kiraka alichukua faili na kofia yake.

* * *

Chumba cha boila alikijua. Jumapili, siku moja kabla ya mlipuko, alikipita na vijana wake wawili, orodha ya ukaguzi mkononi, kuhakikisha usalama wa wageni. Siku ile kilinuka rangi mbichi. Leo kilinuka masizi na chuma kilichoungua, na nusu ya paa haikuwepo.

Katibu wa Kamati ya Kiwanda alimsubiri mlangoni. Alikuwa mtu mfupi, mchangamfu, mwenye doa jekundu kwenye kila kiatu.

"Karibu, Ndugu Mpelelezi. Hujuma tupu. Hata mtoto mdogo anaiona."

"Basi nionyeshe, mimi macho yangu ya kizee."

Kulikuwa na boila mbili, zikitazamana kama watu wawili wanaobishana. Namba moja ilikuwa imepasuka tumbo na kujikunja. Namba mbili ilikuwa nzima, imezimwa. Kila moja ilikuwa na koki tatu zenye magurudumu ya kushika kwa mkono: moja juu, na mbili chini yake usawa wa kifua, kushoto na kulia. Kando ya kila koki palikuwa na kibao kidogo chenye maandishi ya kigeni, yamefunikwa na rangi. Kila kitu kilikuwa chekundu: koki, mabomba, vibao, ngazi, ndoo ya mchanga.

Kiraka aliikagua namba moja, akaandika kwenye daftari: *ya kushoto imefunguliwa yote, ya kulia imefungwa.*

"Hii ya kushoto ni ya nini?"

"Mimi ni Katibu, Ndugu, si fundi. Ila naambiwa ndiyo iliyofunguliwa makusudi, maji yakaisha, boila ikaungua kavu. Fundi Mkuu aliifungua, kisha akaenda getini kushika maua kama vile hajui kitu."

"Nani alimwona akiifungua?"

"Nani mwingine angejua?"

Kiraka alitoa kisu kidogo mfukoni akakwangua gurudumu la kushoto la namba moja. Rangi nyekundu ilitoka kama ganda la kidonda. Chini yake ilitokea manjano. Akakwangua la kulia, ikatokea kijani. Akageukia namba mbili akafanya vilevile. Huko kijani kilikuwa kushoto na manjano kulia.

"Unaharibu rangi ya watu," alisema Katibu.

"Nani aliyepaka?"

"Sisi sote! Jumamosi ya kujitolea. Makopo arobaini, zawadi ya wageni wetu. Tulisema wakifika wajione ukutani. Tulipaka kila kilichokaa kimya. Hata kiti cha mlinzi, mlinzi naye akakikalia kabla hakijakauka, mpaka leo suruali yake ni ya kimapinduzi." Alicheka, akaona anacheka peke yake. "Na uandike hili, Ndugu. Fundi Mkuu alipinga. Iko kwenye muhtasari wa kikao. Alisema koki zisiguswe. Akaulizwa na wajumbe anaogopa nini rangi ya Mapinduzi. Akafunga mdomo. Mtu safi hafungi mdomo."

"Nimewajua wasafi wengi waliofunga."

Kwenye shingo ya koki ya kushoto ya namba mbili, nyuma ya gurudumu, Kiraka aliona pete ya waya mwembamba. Ncha zake ziling'aa, zilikuwa zimekatwa karibuni. Ndani ya pete zilinasa nyuzi tatu za kitambaa cha kijani. Alizivuta kwa kibano akazitia kwenye bahasha. Koki ya kulia nayo ilikuwa na pete yake, na uzi mmoja wa manjano.

"Palifungwa nini hapa?"

"Matambara. Fundi Mkuu alipenda kutundika matambara yake kila mahali. Yalitolewa kabla ya wageni, kama uchafu mwingine."

"Yalitolewa na nani?"

"Ndugu, siku ile ufagio ulipita kila kona. Nitajuaje kila mkono ulioushika?"

Mwanamke aliingia na ndoo. Alivaa ovaroli ya kiume iliyokunjwa mikono mara tatu. Katibu aling'aa uso.

"Huyu ndiye mke wa marehemu. Kamati imempa nafasi ya mumewe hapahapa, anaanza Ijumaa kwenye namba mbili. Mapinduzi hayamwachi mtu nyuma."

Marehemu alikuwa akiitwa Kijiti kwa wembamba wake. Kiraka alivua kofia.

"Pole sana, binti yangu. Nikuulize machache?"

"Uliza, mzee."

"Mumeo alikuwa mtu wa boila ipi?"

"Hiyo namba mbili, siku zote. Jumatatu wakasema ziwashwe zote, wageni waone moshi kwenye mabomba yote mawili. Ndipo akapewa na namba moja."

"Na wiki hizi mbili alikuwa hapa?"

"Alikuwa vijijini, kampeni ya kufundisha watu kusoma. Alirudi Jumapili jioni, miguu imevimba."

"Yeye mwenyewe aliyasoma maandishi ya vile vibao?"

Mwanamke alikaribia kutabasamu. "Ya kigeni? Hakuna aliyeyasoma hapa ila Fundi Mkuu. Wenzake walifuata rangi. Walikuwa na kawimbo kao, alikaimba mpaka nyumbani akiosha uso. Kijani hunywa, manjano hutema, nyekundu huvuta. Kijani boila inakunywa maji, manjano inayatema, nyekundu ya juu inavuta mvuke kwenda mashineni."

Aliishia hapo. Macho yake yalipita kwenye koki, moja baada ya nyingine, yakashuka kwenye ndoo.

"Alipofika Jumapili, mlizungumza habari za kiwanda?"

"Nilimwambia kimependeza. Nikamwambia chumba chake nimekipaka mimi mwenyewe, kwa mkono wangu."

"Ulimwambia na koki?"

Alibadilisha ndoo mkono. "Mzee, niulize kitu kingine."

"Sina kingine," alisema Kiraka. "Ahsante."

* * *

Fundi Mkuu alikuwa mahabusu, amekaa kwenye kitanda cha saruji, miwani yake imevunjika kioo kimoja. Alipomwona Kiraka akasogea kumpisha.

"Afadhali wewe. Nilidhani watanitumia wale vijana wa kupiga meza."

"Tumeshakutana kituo hikihiki, nadhani."

"Chumba cha tatu kutoka hapa. Mwaka wa mgomo. Nilikuwa nagawa karatasi za kudai Mapinduzi, wewe ukanikamata kwa niaba ya wakubwa wa zamani. Hukunipiga. Ulinipa kiti." Alitazama kuta. "Sasa Mapinduzi yamekuja, na kiti hakuna."

Kiraka aliketi kando yake, akatoa barua.

"Nisomee."

"Si mna wakalimani?"

"Waliokuwa wanajua lugha hii walifukuzwa pamoja na wenye lugha. Soma polepole. Ukiruka mstari nitakuona machoni."

Fundi Mkuu alisoma. Ilikuwa barua fupi ya mhandisi aliyezifunga boila zile miaka saba iliyopita. Aliuliza hali. Alisema mwanawe ameanza shule. Alisema amekatazwa kutuma michoro ya aina yoyote kwenye nchi hii, kwa hiyo ametumia penseli za rangi za mtoto, ili mpekuzi wa posta aone ni barua ya mtoto. Alimalizia kwa kusema anasikitika, na kwamba hakuwahi kuulizwa na mtu kama anataka kuondoka.

"Ulimwandikia wewe kwanza?"

"Mwezi wa pili. Walipoondoka na michoro nikabaki na vijana watano wasiojua kitu. Nilitaka karatasi moja tu ya kufundishia. Barua imezunguka nchi tatu kabla ya kunifikia."

Kiraka alifungua mchoro juu ya goti. Ulikuwa na boila mbili zinazotazamana. Kwenye moja kijani kilikuwa kushoto, kwenye nyingine kilikuwa kulia. Alitoa daftari lake akalinganisha na alichokwangua asubuhi. Kila rangi ilikaa mahali pake.

"Kwa nini zimegeuzwa?"

"Mabomba ya maji yanapita katikati, yanazilisha zote mbili. Moja ni kama nyingine kwenye kioo. Anayefuata rangi hapotei. Anayefuata mkono wa kushoto, akihama boila, amekwisha."

"Kijiti alifuata mkono."

"Angefuata nini? Aliona presha inapanda na maji yanashuka, akakimbilia koki. Kila koki nyekundu. Akafungua ya kushoto kama alivyozoea kwenye namba mbili. Badala ya kuinywesha akawa anaitemesha."

Nje mtu alikuwa akiburuta benchi.

"Na wewe ulijua imepakwa," alisema Kiraka. "Ulinyamaza."

"Nilinyamaza kikaoni. Kazini sikunyamaza. Jumamosi jioni walipomaliza kupaka nilikwenda nyumbani nikararua shuka la kijani, mke wangu bado amenuna. Na pazia la manjano. Nikafunga kila koki kitambaa chake kwa waya, boila zote mbili, vipande vinne. Nikamwachia mlinzi ujumbe: mwambie Kijiti afuate vitambaa. Jumatatu saa kumi na mbili nikaitwa getini kushika maua."

"Hukuingia kuangalia kwanza?"

"Niliomba dakika tano. Katibu akasema mstari utaharibika." Alivua miwani. "Hizo dakika tano ninazo hapa kichwani. Nimezitembea tangu juzi."

"Unamshuku nani?"

"Sina ninayemshuku. Aliyekata vitambaa vyangu hakuwa adui, ndugu yangu. Adui angegeuza, angeweka kijani kwenye manjano. Huyu alivitoa vyote, vinne, akaenda zake. Ukimpata, usimpige. Niulizie tu, alipovitazama aliona nini?"

Penseli ya Kiraka ilikuwa imesimama katikati ya neno. Hakulimalizia. Alikunja barua kwa mikunjo yake ileile, akachukua kofia, akagonga mlango afunguliwe.

"Umenisahaulia jibu," alisema Fundi Mkuu. "Nitapona au sitapona?"

"Saa kumi nitakuwa nimejibu."

* * *

Ofisini vijana walikuwa wametoka kula. Kiraka alifunga mlango. Akavuta droo ya pili akatoa orodha ya ukaguzi wa Jumapili, kurasa tatu, kwa mwandiko wake. Alipitisha kidole mpaka namba kumi na nne.

*Chumba cha boila. Matambara na nyaya zinazoning'inia. Zimekatwa na kuondolewa.*

Chini yake palikuwa na saini yake, na saa: tisa na robo alasiri.

Chini ya meza ulikuwepo mfuko wa karatasi wenye vitu vyote vilivyoondolewa siku ile. Aliumwaga. Chupa tupu, kipande cha bomba, gazeti la zamani lenye picha ya rafiki asiyetakiwa, msumari mrefu. Na vipande vinne vya kitambaa, viwili vya kijani na viwili vya manjano, kila kimoja na mkia wa waya. Akatoa nyuzi kwenye bahasha akazilaza juu ya kitambaa. Hazikuonekana tena, zilikuwa zimerudi kwao.

Alichukua koleo lake droo ya tatu. Meno yake yalikuwa na pengo dogo upande mmoja, tangu miaka mingi. Akaangalia ncha ya waya kwa kioo cha kukuzia. Ilikuwa na mkwaruzo mdogo, mahali pa pengo.

Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na nusu. Kiraka alivuta karatasi akaandika ripoti, kurasa mbili. Akaisoma. Akachukua karatasi nyingine akaandika ya pili, fupi zaidi, nusu ukurasa. Hii hakuisoma tena.

* * *

Mkuu aliisoma ile ndefu amesimama dirishani. Hakuikosoa hata nukta moja.

"Imenyooka," alisema. "Siwezi kuipeleka."

"Ni rangi tu, Mkuu."

"Ni zawadi. Wenye zawadi wako hotelini, wananyoosha mashati ya kesho. Nikiandika kwamba rangi yao imeua mtu, hakuna saini. Wale wa kwanza wataisoma redioni kwao jioni hiyohiyo. Wakubwa wa zamani wataisoma baada yao, kwa kucheka. Na ngano iliyobaki ghalani ni ya siku kumi na tisa. Niambie nani asile, nikamwarifu."

"Fundi Mkuu hana hatia."

"Nimesoma. Najua kusoma."

"Kesho atasimama ukutani."

Mkuu aliketi. Alijikanda macho kwa vidole viwili, kama mtu aliyesahihisha madaftari mengi. "Unajua, mzee, nilipotoka darasani kuingia mtaani na wenzangu, nilidhani tukishinda hatutamwogopa mtu tena. Tulikuwa na bwana mmoja. Sasa nikitaka kuandika neno kweli, nageuka kutazama watu watatu." Akaisukuma ripoti. "Nilikwambia iwe na mtu ndani. Humu hamna mtu. Humu mna Jumamosi ya kujitolea."

Kiraka alitoa nusu ukurasa akauweka juu ya kurasa mbili.

Mkuu aliusoma mara moja, kisha akausoma tena. Ilisema kwamba mlipuko haukuwa hujuma. Fundi Mkuu alikuwa ameweka alama za usalama kwenye koki. Ofisa wa ukaguzi, polisi wa enzi ya zamani, aliziondoa bila kumwuliza fundi yeyote, na kwa uzembe huo mtu akafa. Rangi haikutajwa. Jina la ofisa lilitajwa, na namba yake ya kazi.

"Umeitunga?"

Kiraka aliweka mfuko mezani, koleo juu yake. "Kila neno ni kweli. Makosa yapo kwenye yale ambayo hayamo."

"Uzembe uliosababisha kifo ni miaka mitano. Wakikasirika, saba."

"Ndiyo."

"Una hamsini na saba."

"Hesabu ni kazi yako, Mkuu. Mimi nilifundishwa kuchukua alama za vidole tu."

Mkuu hakucheka. Alishika penseli, akaiweka, akashika kalamu ya wino, akatia saini pembeni. Mkono wake ulikuwa thabiti, lakini ulichukua muda kuinuka kwenye karatasi.

"Fundi Mkuu atatoka kesho saa nne. Wewe utakuja saa mbili, na mkanda wako na kitambulisho. Usiku wa leo uko nyumbani kwako. Itakuwa hivyo."

"Kuna boila namba mbili," alisema Kiraka. "Inawashwa Ijumaa. Anawasha mke wa marehemu, na ni mgeni wa kazi. Nyekundu ile ikwanguliwe kwenye koki."

"Ijumaa wageni wanarudi kumalizia ziara."

Kiraka alisubiri. Mkuu alifungua mfuko, akatoa kipande kimoja cha manjano akakibana kwenye faili.

"Ushahidi kipande kimoja kinatosha," alisema, akitazama dirishani. Akausukuma mfuko mpaka ukingo wa meza, upande wa Kiraka. "Vingine ni uchafu. Kavitupe unapopajua."

* * *

Saa kumi na moja jua lilikuwa bado linaingia pale paa lilipokosekana. Mwanamke alikuwa amepiga magoti akisugua masizi sakafuni mbele ya namba mbili. Ovaroli ya mumewe ilikuwa imelowa magotini.

Kiraka alimwamkia. Akatoa vitambaa mfukoni, kimoja cha kijani, kimoja cha manjano, na waya mpya. Akasimama mbele ya koki ya kushoto akaanza kufunga. Waya ulimteleza. Akaanza tena.

"Ni vya Fundi Mkuu hivyo," alisema mwanamke.

"Ndiyo."

"Mlinzi aliniambia. Mume wangu alipewa ujumbe wake afuate vitambaa, akaingia humu akavitafuta. Alitoka mpaka mlangoni akamwuliza mlinzi, vitambaa gani? Mlinzi hakujua. Akarudi ndani." Alikamua tambara kwenye ndoo. "Nani alivitoa?"

"Mimi."

Aliinuka taratibu. Maji yalidondoka kutoka vidoleni mwake. Kiraka hakugeuka, mikono yake ilikuwa bado kwenye waya.

"Jumapili, kwenye ukaguzi," alisema. "Kwa koleo langu. Nimeshaandika. Kesho Fundi Mkuu anatoka, naingia mimi."

"Ulipovitazama, uliona nini?"

"Matambara tu."

Nje king'ora cha kubadilisha zamu kililia, miguu ya watu ikapita uani, ikaisha.

"Na mimi niliona rangi tu," alisema mwanamke.

Akasogea. Akamtoa Kiraka mkono kwenye gurudumu, si kwa ukali.

"Ukifunga hivyo kitadondoka kwa joto. Lete."

Alizungusha waya mara tatu kwenye shingo ya koki, akausokota ncha kwa vidole, akavuta kitambaa cha kijani kuona kama kimeshika. Kilikuwa kimeshika. Akapokea cha manjano akahamia kulia. Midomo yake ilikuwa inacheza. Kiraka alisogea karibu ndipo akasikia: kijani hunywa, manjano hutema.

Alisubiri aseme la tatu. Mwanamke alitazama koki ya juu, nyekundu juu ya nyekundu, hakulisema.

Kiraka aliweka koleo juu ya ndoo ya mchanga, akavaa kofia, akatoka kupitia mlango ambao juu yake hapakuwa tena na paa.